Ubingwa wa Darnley Gittens, Kuanzia Raundi ya Tisa

Baada ya raundi ya nane, kitu cha kwanza alichokisikia Darnley Gittens kilikuwa tarumbeta. Lilikuwa lile kubwa la shaba linalozungushwa begani na kukoroma kama fahali, na lilikuwa likikoroma karibu kabisa na goti lake. Alitazama chini akaona kofia za watu. Alikuwa amebebwa juujuu. Jua la alasiri lilimchoma usoni, na mtaa ule aliutambua: ulikuwa Bolívar, penye duka la Mchina lenye milango ya kijani. Mikono yake haikuwa na glavu. Koti alilovikwa halikuwa lake.

"Prince!" alimwita kinyozi wake, Prince Alleyne, ambaye ndiye aliyemhudumia konani kila alipopigana. "Prince, tunakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Tunakwenda sokoni, kaka, tukawaonyeshe Wajamaika bendi ya mbele ni ipi!"

"Kwani pambano limeahirishwa?"

Prince aliangua kicheko, akawapigia kelele walio mbele wasikie utani wa bingwa. Kisha kicheko kikamkauka. Alisogea karibu, akamshika kifundo cha mguu na kumtazama machoni kwa muda, kama anavyomtazama mteja aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya.

"Limekwisha, Shemasi," akasema kwa sauti ya chini. "Raundi zote kumi na tano. Wewe tabasamu tu."

Darnley akatabasamu. Ilikuwa tarehe mosi Agosti mwaka 1913, sikukuu ya kuachwa huru watumwa, na huko mbele, kwenye kona ya soko, bendi nyingine ilikuwa inakuja na mtu mwingine mabegani.

Walimwita Shemasi kwa sababu ya baba yake, aliyekuwa shemasi wa kanisa dogo la mbao kaskazini mwa Barbados, mahali penye upepo mwingi, miwa mingi na kazi kidogo. Darnley alizaliwa huko mwaka 1884. Ngumi hakufundishwa na mtu. Alichofundishwa ni mchezo wa fimbo, ambao vijana wa kwao waliucheza Jumamosi nyuma ya kiwanda cha sukari, na fimbo ndiyo iliyompa miguu: alijua kusimama nje kidogo tu ya mkono wa mtu na kumwacha apige hewa. Mwaka 1906 alipanda meli ya wachimba mfereji wa Panama pamoja na nusu ya vijana wa parokia yake, akashuka Colón akiwa na sanduku la bati na shati moja la heshima. Wakampeleka kutoboa mwamba kwa ajili ya baruti.

Pambano lake la kwanza halikuwa na ulingo. Lilitokea kambini kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na mpinzani wake alikuwa jitu kutoka Martinique lililodai kwamba kamba nzima ni yake. Darnley alimpiga kwa adabu. Waliokuwapo walisimulia hivyo hivyo, kwa adabu, maana kila konde lilipoingia alisema, "Samahani, bwana." Hakuwa akidhihaki. Nyumbani kwao mtoto aliyemgusa mtu mzima bila kuomba radhi alijua kitakachompata. Lakini watu waliipenda ile samahani kuliko hata makonde yenyewe, na haukupita muda hakukuwa na Mbarbados mjini Colón asiyejua kumwigiza.

Alipigana na Watrinidadi, na Wajamaika, na mabaharia weusi wa Kimarekani walioshuka asubuhi wakaondoka jioni na pengo. Wazungu wa ukanda wa mfereji walikuwa na ulingo wao na bingwa wao. Weusi walikuwa na taji lao, na wakalipa jina kubwa zaidi: ubingwa wa Shingo ya Nchi, kutoka bahari hadi bahari.

Mwaka 1908 alitaka kumwoa Ianthe Holder, mpiga pasi na mwimbaji wa kwaya. Mchungaji Skeete akakataa kutangaza ndoa ya mtu anayepigana kwa kiingilio. Ianthe naye alikuwa na neno lake. "Nataka mume atakayelikumbuka jina langu nikiwa bibi kizee," alisema. Darnley akapatana nao. Alisimama mbele ya kanisa zima, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba siku atakayokuwa bingwa wa Shingo ya Nchi hatavaa glavu tena maisha yake yote. Kanisa likaitika amina, wengine wakificha kicheko ndani ya leso, kwa kuwa hakuna aliyedhani siku hiyo ipo karibu. Nadhiri ilionekana wazi kama mchana.

Haikubaki wazi. Mwaka 1911 refa mmoja aliinua mkono ambao nusu ya ukumbi haikuutaka, viti vikachomwa moto, na wakubwa wa mji wakatoa amri: kupigana ruksa, lakini ni marufuku refa kumtangaza mshindi. Kengele ya mwisho ikilia, kila mtu aende kwake. Mahali pengine amri hiyo ingeua mchezo. Colón waliitafutia njia. Kila upande ulikuja na bendi ya chama chake, na ikawa desturi kwamba bendi ya mshindi ndiyo inayotangulia kutoka kwa mlango mkubwa ikipiga, na mtu wao mabegani. Bendi ya aliyeshindwa husubiri, kisha hutoka kimya, vyombo vikiwa kwapani. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo. Ilishika kwa sababu walioshindwa huwa wanajijua, na kutangulia kwa uongo ilikuwa aibu ambayo mtaa ungeiimba mwaka mzima.

Sasa, kwa ajili ya pambano la Gittens na Lascelles Pinnock, kuli wa bandarini kutoka Jamaika, promota Don Eusebio alibomoa ukuta wa nyuma wa ukumbi akaweka mlango mpya, watu wapate hewa. Hakuwafikiria wapiga bendi. Taji lilikuwa wazi, maana bingwa wa zamani alikuwa mpishi wa melini na meli yake haikurudi. Kengele ya mwisho ilipolia, bendi ya Wabarbados ilitoka kwa mlango wa zamani na ya Wajamaika kwa mlango mpya, kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini ndiyo iliyotangulia. Zikakutana kwenye kona ya soko. Zikapigiana uso kwa uso, hii wimbo wa kanisani na ile wimbo wa askari, na hakuna iliyokubali kunyamaza, mpaka mvua ya Agosti ikashuka kwa kishindo na kuzilowesha ngoma zote.

Juu ya mabega, katikati ya mvua ile, Darnley na Pinnock walitazamana. Pinnock alikuwa na jicho moja tu lililoweza kufunguka. Alifungua kinywa akasema neno, lakini tarumbeta likalimeza.

Alichokikumbuka Darnley ni hiki. Raundi saba za kwanza alikuwa nazo zote, konde kwa konde, na angeweza kumwonyesha mtu mahali kila mguu ulipokanyaga. Katika ya nane Pinnock alimpata juu ya sikio kwa mkono wa kulia. Hakuanguka. Alisikia harufu kali ya machungwa, kana kwamba mtu anayamenya chini ya pua yake. Kengele ikalia, akakaa kitini, Prince akainua chupa ya maji. Basi. Baada ya chupa ni tarumbeta.

Alipofika nyumbani alimuuliza Ianthe kama baba amekwisha kula. Baba yake alikuwa amekufa miaka mingi nyuma na kuzikwa Barbados. Ianthe alimtazama, akatazama miguu yake, akaona kwamba kiatu cha kushoto kiko mguu wa kulia. Akapiga magoti akamvua.

"Baba amekula," alisema. "Na wewe kula sasa." Akamwekea sima iliyosongwa kwa bamia, na samaki.

Asubuhi kichwa kilikuwa kimetulia na mji ndio uliovurugika. Gazeti la Kiingereza liliandika kwamba kuanzia raundi ya tisa Gittens alimfundisha Pinnock kazi. Gazeti la Kihispania liliandika kwamba Pinnock alishinda kwa unywele. Colón ikawa na mabingwa wawili, na mpaka baina yao ulikuwa uchochoro mmoja wenye mtaro.

Kwenye duka la kinyozi la Prince walimpokea kwa kupiga makopo.

"Ya kumi na mbili!" alisema mwashi mmoja aliyekuwa na povu shavuni. "Mungu wangu, Shemasi, ile ya kumi na mbili!"

"Nilifanya nini?"

"Msikieni! Anataka kusifiwa!"

"Sitaki kusifiwa. Nauliza."

"Ulimpiga akazunguka kama mlango, ukamwambia samahani. Akazunguka tena, ukamwambia tena. Mimi nilidhani mtaoana!"

Walicheka wote. Darnley alicheka pia, kwa kuchelewa. Alijisikia kama mtu anayepewa pongezi za arusi ya ndugu yake: mkono unashikwa, mgongo unapigwapigwa, lakini bwana arusi yuko mahali pengine. Akatoka, akavuka mtaro kwenda upande wa pili. Huko mama mmoja wa Kijamaika, muuza matunda, alimwona kutoka mbali.

"Ewe kisiwa kidogo! Bado unatembea? Hicho kisiwa chenu mtu akipiga chafya anaangukia baharini! Jana Pinnock wetu amekutwanga kama muhogo!"

Darnley alivua kofia. "Ni kweli, mama? Alinitwanga?"

Yule mama alikuwa ameandaa maneno mengine mengi, na yote yakamkwama. Alimtazama huyu mtu mzima anayeuliza kama anayeuliza njia.

"Sasa mbona unaniuliza mimi, mwanangu?" akasema. "Si wewe ndiye uliyekuwapo?"

Akampa chungwa kwa huruma. Darnley alilinusa, na ikambidi aushike ukuta.

Aliporudi, duka lilikuwa tupu na Prince alikuwa akifagia nywele. Darnley alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Prince, mimi sikuwapo."

"Najua." Prince hakuinua kichwa. "Raundi ya kumi ulikaa kitini ukaniambia ng'ombe wameingia kwenye mihogo. Ukasema, baba asijue."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikakupa maji."

"Hukutupa taulo."

"Nitupe taulo!" Ufagio ukasimama. "Shemasi, miaka yote hii sijawahi kukuona ukipigana vile. Ulikuwa kama umepakwa mafuta. Mtu hakugusi! Ningetupa taulo wakati tunashinda? Wewe ungelitupa?"

Darnley alifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. Hakujua angefanyaje. Lakini wale ng'ombe aliwajua. Alikuwa mtoto, amelala kivulini badala ya kuchunga, na alipoamka ng'ombe walikuwa katikati ya mihogo ya kanisa na baba yake anakuja mbio, mkanda umeshavuliwa kiunoni.

"Hili umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nijitangaze mwenyewe kwamba nilimwacha mtu wa namna hiyo apigane mpaka kengele ya mwisho?"

Siku chache baadaye Don Eusebio alipanda ngazi za nyumba yao akiwa na suti nyeupe na kikapu cha maembe kwa ajili ya Ianthe. Desemba, alisema, kwenye uwanja wa mapambano ya fahali kule jiji la Panama, ambako amri ya Colón haifiki. Gittens na Pinnock kwa mara ya pili, na safari hii refa atainua mkono wa mtu.

"Lakini watu wanasema nimeshashinda," alisema Darnley.

"Wanasema. Wengine wanasema Pinnock. Mimi nasema hakuna aliyeshinda, na ndiyo raha yake." Don Eusebio alijipepea kwa kofia. "Nipe jibu Jumatatu, rafiki yangu."

Hapo ndipo Darnley alipouona mtego wote. Kama alishinda, basi ni bingwa, nadhiri imemkamata, na hatavaa glavu tena. Kama alishindwa, yuko huru kwenda Panama. Na yeye alitaka kwenda. Hakumficha Ianthe. Raundi bora za maisha yake zilikuwa zimekwisha kupigwa, kila kinywa mjini kilikuwa na ladha yake, na yeye hakupata hata tone. Alitaka mara moja tu awepo.

Jumapili angesimama kanisani atoe ushuhuda juu ya nadhiri yake. Asingeweza kusimama bila jibu, na mtu aliyebaki wa kumuuliza alikuwa mmoja.

Alimkuta Pinnock Jumamosi adhuhuri, ameketi barazani kwake ghorofa ya pili, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Alikuwa kijana zaidi kuliko alivyoonekana ulingoni.

"Karibu, kisiwa kidogo. Kaa upande huu. Sikio lile jingine limekwenda likizo."

Darnley akakaa. "Nimekuja kukuuliza neno, na sitaki utani. Nani alishinda?"

Pinnock alicheka mpaka maji yakamwagika. "Yule kinyozi wako ndiye aliyekutuma!"

"Baada ya raundi ya nane sikumbuki kitu."

Kicheko kikakatika. Pinnock aliitoa mikono ndooni polepole, akaiacha ichuruzike juu ya magoti.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndiyo maana." Alijifutia mikono kwenye suruali. "Ulinishinda, bwana. Mpaka ya nane nilikuwa mbele yako, na wewe unajua. Kisha akaja mtu mwingine. Nikikupiga, husikii. Ukinitazama, unatazama nyuma yangu. Na kila ukinipiga, samahani, baba. Samahani, baba."

"Mimi husema samahani, bwana."

"Najua unavyosema! Mji mzima unajua! Hukusema bwana, ulisema baba. Na ukasema, nitawatoa, baba, nawatoa sasa hivi. Nikadhani unanitukana, mimi mdogo kwako. Halafu nikaogopa. Mimi nimepigana na mabaharia wa kila namna, sijawahi kumwogopa mtu. Katika ya kumi na moja nikamwambia refa, mzee, huyu mtu hayupo hapa. Unajua alinijibu nini? Alisema, kama hayupo, mbona anakupiga?"

Hata Darnley alicheka hapo, na kucheka kukamuumiza mbavu.

"Kwa hiyo nilishinda."

"Ulishinda. Nitamwambia hivyo yeyote atakayeniuliza, mradi si mtaa huu na si kwa sauti."

Darnley alimshukuru akashuka. Katikati ya ngazi alisimama. Nadhiri yake ilijulikana Colón nzima. Ikiwa alishinda, basi anastaafu, na Pinnock atalichukua taji Desemba bila kukutana tena na yule mtu wa raundi ya tisa. Marafiki zake walisema ameshinda kwa sababu ni Wabarbados. Muuza matunda alisema ameshindwa kwa sababu ni Mjamaika. Magazeti yalisema kile wasomaji wao walichotaka. Na sasa huyu, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho, ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kusema alilolisema. Akapanda tena.

"Pinnock, unajua habari ya nadhiri yangu?"

"Nani hajui?"

"Basi nikuamini vipi?"

Pinnock alikuwa amekwisha rudisha mikono ndooni. "Usiniamini," alisema. "Mimi ningekuwa wewe, nisingeniamini."

Njiani Darnley alijaribu kuyapanga, na kila alipoyapanga yaliporomoka. Kwamba alishinda, hakuwa na hakika. Lakini kitu kimoja hakikuporomoka. Nawatoa sasa hivi. Pinnock asingeweza kulitunga lile. Habari ya ng'ombe aliisikia Prince peke yake, na Prince aliona haya kumwambia mtu. Basi aliyepigana raundi zile saba alikuwa mtoto aliyekuwa akikimbia katika shamba la mihogo, na mbele yake yuko baba na mkanda. Darnley aliwaza ingekuwaje Desemba, mbele ya uwanja mzima, refa akiinua mkono wa mtoto huyo.

Ianthe alikuwa akipiga pasi mashati ya watu, pasi ya pili ikipata moto jikoni.

"Wewe wasemaje?" Darnley alimuuliza. "Nilishinda?"

"Mimi sikuwapo ulingoni." Alinyanyua kola, akaipitishia pasi. "Nilikuwapo ulipokuja na viatu vilivyopishana."

"Nikitaka kwenda Panama?"

"Nitakusindikiza mpaka stesheni, na chakula nitakufungia. Lakini niambie nitampokea nani, Darnley. Safari hii alirudi mtoto, nikamlisha mimi. Sikujua kama ataondoka."

 Darnley alikaa akaangalia mvuke ukipanda kutoka kwenye mashati.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mambo yalikuwa yamegeuka. Wale wale waliopiga kelele wiki nzima kwamba Gittens ameshinda sasa walimwombea aseme hajui, maana walikwisha kupata habari za Desemba na kila mtu aliitaka safari ya treni. Prince alikuwa benchi la nyuma yake. Wimbo ulipokwisha alimwinamia shingoni.

"Sema hujui, kaka. Kwani si ndiyo kweli? Kweli haina dhambi."

Na ilikuwa kweli. Darnley aliligeuza jambo lile kichwani huku Mchungaji Skeete akivaa miwani. Akisema kweli, kwamba hajui, nadhiri itakuwa haijatimia na Desemba ataingia ulingoni. Akitaka kutoingia, lazima aape jambo ambalo hakuliona. Hakuwahi kusikia mahubiri yoyote yaliyolizungumzia hili.

"Ndugu Gittens," alisema Mchungaji, "kanisa linaikumbuka nadhiri yako. Je, umekuwa bingwa?"

Darnley akasimama. Alitafuta kwaya kwa macho, akampata Ianthe, ambaye hakuwa akimtazama. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo na anatazama ukurasa.

"Nimekuwa bingwa, Mchungaji. Sipigani tena."

Nyuma yake Prince aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Kanisa likavuma. Mchungaji Skeete, aliyekuwa mtu wa haki na asiyependa nadhiri zitimizwe ovyo, aliinua kidole.

"Una hakika, ndugu? Mji huu una maneno mawili. Wewe mwenyewe unashuhudia kwamba ulishinda?"

"Mimi siwezi kushuhudia. Nimeambiwa na mtu aliyekuwapo."

"Mtu gani?"

"Yule niliyempiga."

Watu walitazamana. Mmoja akaitika amina, akasita katikati, kisha akaimalizia. Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na alipoona kwamba mambo hayajawa wazi zaidi, akataja namba ya wimbo unaofuata. Ianthe aliingia kwenye ubeti wa kwanza akiwa amechelewa, jambo ambalo kwaya haikuwahi kulisikia kutoka kwake.

Desemba ile Pinnock alipigana na Mtrinidadi, mkono wake ukainuliwa mbele ya uwanja, na akalishika taji mpaka mfereji ulipokwisha na watu kutawanyika. Darnley alipata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha barafu, akaifanya mpaka akazeeka. Hakuondoka Colón. Alimzika Prince, na Ianthe akamzika yeye mwaka 1941. Mpaka mwisho Darnley alimwita mkewe kwa jina lake, ingawa majina mengine yalimtoka.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, kila tarehe mosi Agosti watu walikusanyika kwenye duka la kinyozi la Prince na kumtaka Shemasi asimulie. Alisimulia vizuri. Aliwapa raundi saba zote, miguu na mikono, akawapa ya nane, harufu ya machungwa, kiti na chupa ya maji. Hapo alinyamaza, akavuta kiti chake mbele.

"Endelea, Prince," alisema.

Prince aliendelea. Hadithi ilikuwa ikikua kila mwaka: ya kumi na tatu ilipata anguko ambalo halikuwamo zamani, na ya kumi na mbili Pinnock alizunguka mara nyingi zaidi. Darnley alisikiliza kama mgeni, kiwiko juu ya goti, akiuliza maswali. Mwaka mmoja alikuwamo Mjamaika aliyekuja kunyolewa, mzee aliyekuwapo ukumbini siku ile, naye akawa na yake: kwamba katika ya tisa Pinnock ndiye aliyekuwa akifukuza, na Gittens anarudi nyuma akiomba radhi. Duka zima lilimrukia. Prince alimwonyesha mlango kwa wembe.

"Mwacheni," alisema Darnley. Alikwisha geuza kiti kumwelekea yule mzee. "Mwacheni amalize. Enhe, mzee mwenzangu. Ya kumi ilikuwaje?"